Jinsi ubongo unavyoendesha misuli ya pumzi mapafu yanapougua

WATU wengi wamwonapo mzee akitweta baada ya kutembea hatua chache kutoka kitandani hadi mlangoni hudhani kwamba misuli ya kifua chake imelegea kama ya mtu asiyefanya kazi. Wengine huenda mbali zaidi na kudai kwamba anajitia ugonjwa, hasa anapopimwa hospitalini na kiwango cha oksijeni katika damu yake kikapatikana si kibaya.

Utafiti uliofanywa kwa zaidi ya miongo mitatu unaonyesha kinyume cha dhana hiyo. Katika maradhi sugu ya mapafu, ubongo haulegezi kamba. Badala yake, hutuma amri nyingi na kali zaidi kwa misuli ya pumzi kuliko ubongo wa mtu mwenye afya, hata mgonjwa akiwa ameketi tuli kitini. Tatizo ni kwamba amri hizo haziambulii hewa ya kutosha.

Kuelewa jambo hili si suala la wasomi pekee. Jamaa anayemuuguza mgonjwa nyumbani, mhudumu wa ambulansi anayefungulia mtungi wa oksijeni, na daktari anayeandika dawa ya usingizi, wote hufanya uamuzi unaoweza kuokoa au kukatiza uhai kwa kutegemea wanavyofahamu uhusiano wa ubongo na misuli hiyo.

Maradhi yenyewe

Maradhi yanayozungumziwa hapa ni kuziba kwa njia za hewa kunakodumu, ambako madaktari hukutaja kwa kifupi kama COPD. Ndani yake mna mambo mawili ambayo aghalabu huandamana. La kwanza ni uvimbe na makohozi katika vijia vya hewa, ambavyo huzidi kuwa vyembamba kadiri miaka inavyopita.

La pili ni emfisema, yaani kuharibika kwa vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia katika damu. Vifuko hivyo vikiharibika, mapafu hupoteza ule mnyumbuko wake wa kujirudi kama mpira, na hewa iliyoingia hukosa msukumo wa kuitoa.

Tofauti na pumu, ambayo mara nyingi huja na kuondoka, madhara haya hayafutiki kabisa hata kwa dawa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, maradhi ya COPD yalisababisha vifo vya takriban watu milioni 3.5 ulimwenguni mwaka wa 2021, na hivyo kuwa ya nne miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo. Sehemu kubwa mno ya wanaofariki kabla ya kutimiza umri wa miaka 70 hutoka katika mataifa yenye mapato ya chini na ya wastani.

Sigara ndiyo inayolaumiwa zaidi. Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka wa 2007. Hata hivyo, katika eneo la Afrika Mashariki moshi wa jikoni nao una hatia yake. Sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia nchini zilikuwa zikipika kwa kuni.

Katika nchi jirani ya Uganda, uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Masindi na kuchapishwa mwaka wa 2015 ulibaini kwamba takriban watu 16 kati ya kila 100 waliozidi umri wa miaka 30 walikuwa na maradhi haya. Karibu wote walioshiriki walikuwa wakivuta moshi wa kuni na mabaki ya mimea majumbani mwao. Isitoshe, kifua kikuu kinaweza kuyaacha mapafu na makovu yanayoziba njia za hewa hata baada ya mgonjwa kupona.

Amri ya pumzi hutoka wapi?

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi huingiza takriban nusu lita ya hewa. Kwa siku moja hutimiza pumzi 20,000 au zaidi. Nyingi kati ya hizo huzivuta bila kuzifikiria, zikiwemo zile za usingizini.

Moyo una mtambo wake wa ndani unaouwezesha kupiga hata ukitengwa na ubongo. Misuli ya pumzi haina mtambo kama huo. Ikikosa amri, hutulia, na kutulia kwake ni kifo. Hii ndiyo sababu majeraha ya sehemu ya juu kabisa ya uti wa mgongo humwacha mtu bila pumzi ilhali moyo wake bado unadunda.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mjini Paris, daktari Mfaransa Julien Legallois alionyesha kwa kuwafanyia wanyama majaribio kwamba sehemu kubwa ya ubongo ingeweza kuondolewa na mnyama akaendelea kupumua. Lakini kisu kilipogusa sehemu ndogo ya shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, pumzi ilikatika papo hapo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1812.

Ilichukua takriban miaka 180 kabla ya kitovu chenyewe kupatikana. Mnamo 1991, Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walitambua kikundi kidogo cha seli katika shina la ubongo la panya wachanga ambacho kiliendelea kutoa mdundo wa pumzi hata kipande hicho kilipotengwa na mwili. Kikundi hicho huitwa pre-Bötzinger, jina lililotokana na mvinyo wa Kijerumani uliokuwa mezani wakati wa mkutano mmoja wa wanasayansi.

Kutoka hapo, amri huteremka kwenye uti wa mgongo hadi shingoni. Kwenye pingili za tatu, nne na tano za shingo, huchomoza neva mbili, moja kila upande, zinazoshuka hadi kwenye kiwambo. Kiwambo ni ule msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo, nao ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa. Amri nyingine huiendea misuli iliyo katikati ya mbavu, na ile ya shingoni inayoinua kifua.

Mbali na njia hiyo ya bila hiari, iko njia ya pili. Gamba la ubongo, ambalo ndilo makao ya fikira na hiari, lina waya wake wa moja kwa moja unaofika kwenye misuli hiyo hiyo. Ni kwa njia hii ambapo mtu huweza kuimba, kuzungumza, kupiga mbizi au kupuliza moto wa makaa. Njia hizi mbili hukutana katika uti wa mgongo, na kwa mtu mwenye afya hazigombani.

Walinzi wa damu

Shina la ubongo halitoi amri kwa kubahatisha. Mwaka wa 1905, John Scott Haldane na John Gillies Priestley wa Oxford, Uingereza, walithibitisha kwamba kinachoamua kiasi cha kupumua katika hali ya kawaida ni gesi ya kaboni dayoksaidi, wala si upungufu wa oksijeni. Gesi hiyo ikizidi hata kidogo, damu na maji yanayouzunguka ubongo huelekea kuwa na asidi, na seli maalumu katika shina la ubongo huchochea pumzi.

Oksijeni nayo ina mlinzi wake. Penye panda ya mshipa mkubwa wa damu shingoni, kila upande, mna kinyama kidogo mithili ya punje ya mchele. Kinyama hicho huonja damu inayopita na kuupasha ubongo habari oksijeni inapopungua. Corneille Heymans wa Ubelgiji alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1938 kwa kazi yake kuhusu vituo hivyo.

Taarifa nyingine hutoka mapafuni na kwenye misuli yenyewe. Mwaka wa 1868, Ewald Hering na Josef Breuer walionyesha kwamba mapafu yanapotanuka hutuma ujumbe wa kuuzuia ubongo usiendelee kuvuta hewa. Kwa hivyo, ubongo hujua kila mara umeagiza nini, na umepata nini.

Kifua kinapojaa hewa isiyotoka

Ili kufahamu kinachoharibika, ni vyema kutazama umbo la kiwambo. Katika mwili wenye afya, kiwambo kimejikunja kuelekea juu kama mwavuli uliofunguliwa. Kinapokaza, huteremka kama mfuniko unaovutwa chini, kikayavuta mapafu nayo yakafyonza hewa.

Mgonjwa wa COPD huanza kuvuta pumzi mpya kabla ya kumaliza kuitoa ya zamani. Njia zake ni nyembamba na mapafu hayana nguvu ya kujirudi, kwa hivyo hewa hubaki ndani. Kila siku kifua hubaki kimetuna, nacho kiwambo husukumwa chini hadi kikawa bapa kama sinia.

Msuli uliofupishwa hivyo hauna nafasi ya kuvuta. Ni kama mvukuto wa mhunzi ambao umekwisha kufunguliwa karibu wote: mhunzi huweza kutumia nguvu zake zote, lakini upepo unaoufikia moto ni mdogo. Kwa baadhi ya wagonjwa, kiwambo kilicho bapa huzivuta mbavu za chini kuelekea ndani wakati wa kuvuta pumzi, badala ya kuzitanua. Daktari makini huweza kuiona ishara hii kwa macho tu.

Aidha, hewa iliyokwama ndani huwa na mgandamizo. Kabla ya chembe moja ya hewa mpya kuingia, misuli haina budi kwanza kuushinda mgandamizo huo. Sehemu ya nguvu zake hupotea kabla ya pumzi kuanza.

Mtu mwenye afya anayetaka kuonja hali hii anaweza kuvuta hewa hadi kifua kijae, kisha, bila kuitoa yote, aendelee kuvuta na kutoa pumzi fupifupi juu ya ile iliyobaki. Baada ya pumzi chache atahisi haja kubwa ya kuitoa hewa yote. Mgonjwa hana fursa hiyo. Anapotembea haraka au kupanda ngazi, muda wa kutoa hewa hupungua, kifua huzidi kujaa, naye hulazimika kusimama.

Ubongo unapoongeza sauti

Je, ubongo hufanya nini unapopata habari kwamba hewa haitoshi? Huongeza amri.

Mnamo 1997, mtafiti Mbelgiji André De Troyer akishirikiana na wenzake kutoka Australia walichapisha vipimo walivyochukua kwa kuingiza sindano nyembamba katika viwambo vya wagonjwa wa COPD iliyokithiri na vya watu wasiougua. Kwa watu wenye afya waliokuwa wametulia, kila neva iliupiga msuli takriban mara 10 kwa sekunde. Kwa wagonjwa, kasi hiyo ilikaribia mara 18.

Watafiti wa London nao walitumia mrija mwembamba unaopitishwa puani hadi kwenye umio, ambao unaweza kusikiliza umeme wa kiwambo. Katika matokeo yao ya mwaka wa 2009, watu wenye afya walikuwa wakitumia takriban asilimia 9 tu ya upeo wa amri wanayoweza kukipa kiwambo wakiwa wamepumzika. Wagonjwa wa COPD walitumia takriban asilimia 28. Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyeketi hufanya juhudi mara tatu ya ile ya jirani yake aliyeketi kando yake.

Juhudi hiyo huonekana hata bila mitambo. Misuli ya shingo, ambayo kwa mtu mwenye afya aliyetulia haijitokezi, husimama kama kamba kila pumzi inapovutwa. Mabega huinuka. Mgonjwa huinama mbele na kuegemeza mikono juu ya magoti au meza. Mkao huo husaidia: tumbo hukisukuma kiwambo juu kidogo na kukirejeshea sehemu ya umbo lake, na mikono iliyotulia huiwezesha misuli ya mabega kuinua mbavu.

Kinachostaajabisha ni kwamba msuli wenyewe huwa haujakata tamaa. Mwaka wa 1991, Thomas Similowski na wenzake walizichochea neva za shingo za wagonjwa wa COPD ambao hali yao ilikuwa imetulia na kupima nguvu za kiwambo. Walipolinganisha wagonjwa na watu wenye afya waliokuwa wamejaza vifua vyao kwa kiwango sawa, kiwambo cha mgonjwa hakikuwa dhaifu kuliko cha mtu mzima wa afya.

Miaka 6 baadaye, Sanford Levine na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba kiwambo cha mgonjwa wa COPD iliyokithiri huwa kimeongeza idadi ya nyuzi zinazofanya kazi polepole lakini zisizochoka upesi. Ni mabadiliko yanayofanana na yale ya miguu ya mkimbiaji wa masafa marefu. Msuli umefanya mazoezi ya miaka mingi bila mapumziko.

Kiu ya hewa

Hapa ndipo swali la mateso ya mgonjwa linapopata jibu. Kila mara ubongo unapotuma amri kwa misuli, nakala ya amri hiyo hubaki katika sehemu za ubongo zinazohisi. Kisha nakala hiyo hulinganishwa na taarifa zinazorudi kutoka mapafuni, kwenye mbavu na kwenye misuli.

Amri na matokeo yakilingana, mtu hahisi chochote. Anaweza hata kukimbia na kutweta bila hofu. Amri ikiwa kubwa na matokeo yakawa haba, kunazuka hisia ya kukosa hewa ambayo ni vigumu kuielezea mtu ambaye hajapata kuionja. Moran Campbell na Jack Howell walipendekeza wazo linalokaribia hili mwaka wa 1963, na watafiti waliowafuata wamelithibitisha kwa sehemu kubwa.

Kwa hivyo, kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi peke yake kupima mateso ya mgonjwa. Damu yake inaweza kuwa na oksijeni ya kutosha kwa sababu tu ubongo wake unalipa gharama kubwa kuipata. Kumwambia kwamba hana neno kwa kuwa namba ni nzuri ni kumdhulumu.

Hofu nayo huongeza kuni motoni. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia woga zina uhusiano wa karibu na zile zinazohisi kukosa hewa. Mgonjwa akishikwa na hofu hupumua kwa kasi zaidi, kifua kikazidi kujaa hewa, nayo hisia mbaya ikaongezeka. Ndiyo maana sauti tulivu ya anayemuuguza ni sehemu ya tiba.

Ubongo unapochagua pumzi fupi

Maradhi yakikithiri, wagonjwa wengi huangukia mtindo wa pumzi fupi na za haraka. Mtindo huu huipunguzia misuli mzigo wa kila pumzi, lakini una gharama. Katika kila nusu lita ya hewa inayovutwa na mtu mzima, takriban mililita 150 huishia kooni na katika mabomba ya hewa bila kufika mahali inapokutana na damu. Pumzi ikipungua hadi mililita 300, nusu yake huwa imepotea bure.

Matokeo yake ni kwamba kaboni dayoksaidi huanza kurundikana. Ikiongezeka polepole kwa miezi mingi, figo huhifadhi madini yanayopooza asidi. Walinzi wa shina la ubongo, ambao hupima asidi, huwa hawapigi tena mbiu kwa nguvu ileile.

Usiku huwa na hatari zaidi. Katika kipindi cha usingizi wenye ndoto, ubongo huilegeza misuli mingi ya mwili, ikiwemo ile ya mbavu na shingo ambayo mgonjwa amekuwa akiitegemea. Kiwambo hubaki peke yake. Oksijeni inaweza kushuka sana, na mgonjwa akaamka na kichwa kizito kinachouma. Dawa za usingizi na pombe huweza kuzidisha hatari hiyo kwa kuzima amri za shina la ubongo.

Oksijeni kwa kipimo

Kwa miaka mingi, wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba mgonjwa wa COPD aliyezoea kaboni dayoksaidi hupumua kwa sababu tu ya upungufu wa oksijeni, na kwamba akipewa oksijeni nyingi ubongo wake utaacha kutoa amri. Maelezo hayo ni rahisi kukumbuka, lakini si kamili.

Mwaka wa 1980, Michel Aubier na wenzake waliwapima wagonjwa waliozidiwa baada ya kuwapa oksijeni tupu. Kupumua kwao kulipungua kidogo tu, ilhali kaboni dayoksaidi ilipanda sana. Ubongo haukuwa umelala.

Sababu kubwa iko mapafuni na ndani ya damu. Mapafu yaliyougua huwa yameelekeza damu kwenye sehemu zinazopata hewa. Oksijeni nyingi huvuruga mpango huo, damu ikarudi katika sehemu zisizopitisha hewa vizuri. Vilevile, chembechembe nyekundu za damu zikijaa oksijeni huachilia kaboni dayoksaidi zilizokuwa zimeibeba. Mgonjwa ambaye misuli yake imefika kikomo hana akiba ya kuitoa gesi hiyo ya ziada.

Madhara yake si ya kinadharia. Jaribio lililofanywa katika ambulansi za Tasmania, Australia, na kuchapishwa mwaka wa 2010 lilihusisha wagonjwa 405. Miongoni mwa waliothibitishwa kuwa na COPD, waliopewa oksijeni kwa wingi walifariki 9 kati ya kila 100. Waliopewa kwa kipimo, ili kiwango katika damu kibaki kati ya asilimia 88 na 92, walifariki 2 kati ya kila 100.

Funzo lake halisemi mgonjwa anyimwe oksijeni. Kukosa oksijeni huua haraka. Linasema kwamba apewe kwa kupimwa, na kwamba jamaa wasifungulie mtungi wa nyumbani kupita kiwango kilichoagizwa na daktari kwa kudhani wanamsaidia zaidi.

Kupunguza pengo kati ya amri na hewa

Ikiwa mateso hutokana na pengo kati ya amri na matokeo, basi tiba hufaa inapoliziba kutoka upande mmoja au mwingine.

Dawa za kuvuta ambazo hutanua njia za hewa huwezesha kifua kujipunguza. Faida yake kubwa kwa wagonjwa wengi ni kwamba kiwambo hurejea juu kidogo, hata pale ambapo vipimo vya kupuliza vinaonyesha mabadiliko madogo. Dawa hizo zinahitaji kuvutwa kwa njia sahihi, na mgonjwa ana haki ya kuonyeshwa namna hiyo hadi aimudu.

Kutoa pumzi polepole kupitia midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai kwa kuipuliza, huzuia vijia vya hewa visijifunge mapema na kuupa mwili muda wa kutoa hewa iliyokwama. Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo njia ya hiari ya ubongo inaweza kuitiisha ile isiyo ya hiari.

Mazoezi yanayosimamiwa nayo yana nafasi ya pekee. Miguu yenye nguvu hutoa asidi kidogo inapofanya kazi, na hivyo ubongo hupata sababu chache za kuongeza amri. Mjini Kampala, programu ya wiki 6 kwa watu waliobaki na madhara ya kifua kikuu mapafuni, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2017, iliwawezesha kutembea zaidi na kuishi kwa nafuu. Haikuhitaji mitambo ya bei ghali.

Kwa mgonjwa aliyezidiwa hospitalini ambaye kaboni dayoksaidi yake imepanda na damu imekuwa na asidi, mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa iliyobanwa usoni hubeba sehemu ya kazi ya misuli. Ubongo hupunguza amri kwa kuwa hatimaye unapata kile unachoagiza.

Upande wa kupunguza hisia yenyewe ungali na mjadala. Mofini kwa kiasi kidogo hutumiwa kwa baadhi ya wagonjwa walio katika hatua za mwisho. Hata hivyo, jaribio la Australia lililochapishwa mwaka wa 2022 na kuhusisha wagonjwa 156 wa COPD halikuonyesha kwamba mofini ya kila siku kwa wiki moja ilipunguza ukali wa kukosa hewa. Dawa hiyo haifai kutumiwa bila uangalizi wa daktari.

Dalili za kukimbilia hospitali

Maadamu ubongo na misuli vinamudu, mgonjwa hutweta lakini hubaki na fahamu zake. Hatari huja kikomo kinapofikiwa. Jamaa wanafaa kumkimbiza hospitalini mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, au ambaye midomo yake imegeuka rangi ya samawati. Ni vivyo hivyo kwa mgonjwa ambaye tumbo lake huingia ndani kila anapovuta hewa, ishara kwamba kiwambo kimeanza kusalimu amri.

Dalili inayopotosha watu zaidi ni utulivu wa ghafla. Mgonjwa aliyekuwa akihangaika kupata hewa, kisha akaanza kusinzia na kuchanganyikiwa maneno, huenda hajapata nafuu. Kaboni dayoksaidi huwa imekolea hadi kuulevya ubongo, na amri zilizokuwa zikimweka hai zinafifia. Asiachwe alale.

Kwa ambao mapafu yao bado ni mazima, kinga ni ileile inayojulikana: kuepuka tumbaku, kupika mahali penye dirisha na bomba la kutolea moshi au kutumia gesi pale mfuko unaporuhusu, na kumaliza dawa za kifua kikuu. Mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu na anayetweta kupita wenzake wa rika lake anashauriwa aombe kupimwa kwa spirometa, kifaa kinachopima hewa anayoweza kuitoa kwa pumzi moja. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi yalivyokuwa, lakini kuacha sigara hupunguza kasi ya uharibifu katika umri wowote.